Kinyozi Nyumbani kwa Mama

3 Februari

Mwanangu kitinda mimba,

Nakusalimu, namsalimu mkeo, na huyo mjukuu wangu ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu, mbusu shavu moja kwa niaba yangu. Hapa tupo. Magoti yananisumbua kama kawaida yake. Mvua imeanza mapema na bati la upande wa jikoni linavuja vilevile, nimetega ndoo. Muuza mkaa, jirani yangu, ameng'olewa jino la mbele na sasa akiongea unasikia upepo tu, ila umbea haujapungua hata kidogo. Jana alinimalizia habari za mtaa mzima, nusu sikuzisikia, nikaitikia tu.

Nimezunguka sana hapo juu, na wewe unanijua kwamba nikizunguka nina jambo. Basi nikae vizuri niseme.

Jumamosi ile ya kabla ya Meza ya Bwana, Kinyozi alikuja hapa nyumbani. Usiniulize kinyozi gani. Ni yule wa pale kona, aliyeibiwa redio dukani kwake, akamwona kaka yako anapita na redio ya mteja aliyotoka kuitengeneza, akapiga kelele ya mwizi. Alipiga mara moja tu. Watu walikuwa wameshamaliza kazi yao kabla hajasogea karibu akaona redio si yake.

Utaratibu wa kanisa letu unaujua, umekulia humo. Mwenye neno na mwenzake haigusi Meza mpaka wapatane, na msamaha wa mdomo mtupu wazee wa kanisa hawautambui. Aliyesamehewa anapewa kazi ya mikono nyumbani kwa yule aliyemkosea, anaifanya mpaka mwenye nyumba mwenyewe aseme inatosha. Wewe uliwahi kumchotea maji mzee wa kanisa likizo nzima kwa ajili ya kioo cha dirisha lake, na ulikuwa ukinung'unika njia nzima.

Alisimama mlangoni na kofia mkononi, mvua inamnyeshea. Nilikaa namtazama. Mwisho nikamwambia, ingia, utaugua bure. Ndilo neno la kwanza nililomwambia tangu tumzike kaka yako. Akaingia, akaomba alichokuja kuomba. Nikampa mkono, na nikampa kazi ya lile bati.

Nilitaka ulisikie kwangu kabla muuza mkaa hajakutafutia anwani.

Mama yako


27 Februari

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto anaota meno, basi nyumba nzima hatulali. Mama yake anamwimbia, mimi naingia kiwandani macho mekundu, msimamizi ananinusa mdomo akidhani nimekunywa. Wamenitoa kwenye kukanda unga wameniweka mdomoni mwa tanuri. Mikate inatoka mizuri, mimi nyusi zimeshaungua. Mke wangu anasema nimekuwa kama yai. Ndiyo, mkwe wako ana maneno, ungempenda.

Barua yako niliisoma nikadhani usingizi unanichezea. Nikampa mke wangu aisome kwa sauti. Akafika pale pa mkono, akanirudishia.

Mama, mimi ndiye niliyekwenda kumtambua kaka. Wewe walikuzuia. Walisema mama asimwone, abaki na sura ile anayoijua. Basi wewe unayo hiyo sura. Mimi sina. Nikifumba macho namwona yule mwingine, na nilimjua kwa viatu tu. Kwa hiyo unaposema umempa mtu yule mkono, unasamehe kitu ambacho hukukiona. Mwenye kukiona ni mimi na mimi sijaulizwa.

Halafu umempa kazi. Anapanda juu ya nyumba ambayo kaka aliiezeka kwa mikono yake. Akishuka anakunywa maji kwa kikombe kipi, mama? Nauliza tu.

Mwambie inatosha. Bati likivuja nitakutumia fundi.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole ya usingizi na pole ya nyusi, zitaota. Meno ya mtoto mpakieni asali kidogo kwenye fizi, na mkwe mwambie aimbe nyimbo za taratibu, hizi za kuchangamsha ndizo zinazomkesha mtoto. Huku muuza mkaa kaweka jino la bandia, likimtoka anapocheka analidaka. Mchungaji anaumwa mgongo. Paka wa kaka yako amezaa tena, kwenye sanduku lake la spana, na sina roho ya kumtoa.

Umeandika kwamba sikumwona. Nilimwona, mwanangu. Mlipokwenda kutafuta jeneza nilimwomba mlinzi wa chumba kile anifungulie, naye alikuwa na mama yake, akanifungulia. Yaliyobaki tusiyaandike. Sikukwambia kwa sababu ulijisikia umenikinga, na sikutaka kukupokonya hilo.

Basi usiniambie nimesamehe nisichokijua.

Wala usidhani nilisamehe kwa raha. Pale kanisani wananipigia vigelegele, mchungaji ananitolea mfano madhabahuni, akina mama wananishika mikono wakitoka wananiita mama wa msamaha. Mimi nakunja uso nataka kwenda nyumbani. Ningesubiri kwanza nimpende ndipo nimsamehe, ningekufa nasubiri. Nilimpa mkono shingo upande, kwa kuwa Bwana amesema tusamehe na hakusema tusubiri tujisikie vizuri. Asubuhi nikimsikia anabisha hodi, roho inaniruka. Najikaza, naitika. Kesho yake naanza tena palepale, kama sikuwahi kuanza. Hakuna siku niliyofika.

Bati amelimaliza. Hapo ndipo ningesema inatosha. Midomo ikawa mizito. Akachukua ufagio akafagia uani, nikamwacha. Kesho yake akaleta maji. Haongei. Anakaa pale kwenye kizingiti, anasubiri nimtume. Nikisema inatosha ataondoka, na nyumba hii, mwanangu, ni kimya mno.

Kikombe alinunua mwenyewe. Alikuja nacho siku ya kwanza, kiko kwenye mfuko wake, na akiondoka anaondoka nacho. Ulitaka kujua, nimekwambia.

Mama yako


19 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika, kazi zimenizidi. Mtoto anatambaa na amejifunza kusema hapana, anaisema kutwa nzima hata akipewa anachokitaka. Mke wangu anasema amerithi kwangu.

Tunambatiza mwishoni mwa Julai. Nakuomba uje. Nitakutumia nauli na kwenye stendi nitakupokea mwenyewe. Utakaa hata miezi. Hapa tuna chumba kidogo cha nyuma, nimekipaka rangi. Dirisha linatazama ukuta, lakini kuna hewa.

Nimefikiri sana ulichoandika. Nimefikiri mbele ya tanuri, na unajua mtu akifikiri mbele ya moto hafikiri vizuri. Naelewa kwamba umefanya unachoamini. Mimi sitakuzuia kusamehe. Ila mimi na mwanangu hatutatia mguu kwenye nyumba hiyo wakati mtu yule anaingia na kutoka. Nimekata kauli. Mjukuu wako hatakalishwa kwenye kizingiti kimoja na aliyemuua baba yake mkubwa. Ukimwambia inatosha, tutakuja hata kesho. Usipomwambia, njoo wewe huku.

Njoo, mama. Nimemwambia mtoto kwamba bibi yake anakuja, akasema hapana, yaani amefurahi.

Mwanao


11 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Huyo mtoto wa hapana nimemcheka peke yangu hapa mpaka muuza mkaa akaja kuuliza kuna nini. Chumba umekipaka rangi gani? Hukusema.

Kuja sitaweza. Usikasirike. Safari ni ndefu na magoti yangu unayajua, na mchungaji amenipa kazi ya kushona mapazia ya kanisa, nimeshachukua kitambaa. Mwandiko ukiuona umepinda ni kalamu, inaruka wino, na leo naandikia mapajani. Mbatizeni salama. Siku hiyo nitakuwa nanyi kwa maombi tangu asubuhi.

Kuhusu lile jingine, sina jipya la kusema. Ulisema hutanizuia kusamehe, kisha ukaweka mlango na kufuli hapohapo. Una haki, una uchungu wako. Lakini usiniambie nichague, maana mtoto wangu mmoja tayari nilichaguliwa, sikuulizwa.

Kinyozi amefunga duka. Wateja walimhama pole pole, hakuna mtu anayetaka wembe wake shingoni. Wale wale waliopiga, mwanangu, wale ambao hakuna aliyewataja majina, wananyolewa kwingine sasa na kusema hawawezi kukaa kwenye kiti cha mtu wa namna ile. Ndio walionipigia vigelegele kanisani. Mimi nimebaki nao safu moja, naimba nao, na kati yao hakuna hata mmoja aliyekuja kusimama mlangoni kwangu.

Njoo kabla mwaka haujaisha. Mlete mtoto nimwone anavyotambaa, maana akishatembea hatatambaa tena.

Mama yako


14 Septemba

Mama,

Shikamoo. Ubatizo ulikwenda vizuri. Mtoto alipomwagiwa maji akasema neno lake, kanisa zima likacheka, mchungaji wa huku akapoteza ukurasa. Chumba nilikipaka kijani.

Barua yako mke wangu ameificha chini ya godoro na kila nikijifanya nimesahau ananitolea. Juzi ameniambia hivi: mama yako anakwambia njoo na wewe unamjibu masharti, siku ukipokea habari utakwenda kumpa masharti nani? Nilikwenda nje nikakaa.

Basi nimeomba likizo. Nitakuja Novemba, kwa basi la Alhamisi ya pili, linaloingia hapo mchana. Nitakuja peke yangu kwanza. Nikiona moyo unaweza, Krismasi nitawaleta wote. Sisemi kwamba nimemsamehe. Sijamsamehe na sijui kama nitaweza. Lakini nataka kukaa jikoni kwako ninywe chai uniulize kwa nini nimekonda.

Nakuomba kitu kimoja tu, mama, na sitaomba kingine. Siku hiyo asiwepo. Siwezi kukuona naye. Habari yake naweza kuisoma kwenye karatasi, hiyo nimeimeza. Kuwaona kwa macho sitaweza, najijua. Niahidi.

Mwanao


6 Oktoba

Mwanangu, mwanangu,

Marahaba mara zote ulizowahi kuniamkia. Barua yako nimeilalia. Muuza mkaa nimemsomea kipande cha kuja tu, kingine nikamnyima, amevimba.

Naahidi. Hatakuwepo. Nimemwambia leo hii hii, nikamwambia mwanangu anakuja na hataki kukuona. Akasema, ana haki. Akasema ataondoka Jumatano ya kabla ya basi lako na hatarudi mpaka nimwite. Kisha akaenda kumwagilia mchicha.

Nimetoa shuka lako la mistari likapigwe jua. Kitanda cha kaka yako usijali, nimekiweka chumba kingine, utalala kwenye chako. Mke wako mwambie nimemwekea kitambaa, na mwambie nimemjua kabla sijamwona. Huyo usimwache, hata siku moja.

Nitakaa uani nikusubiri, penye jua, nikuone tangu unakata kona. Usinunue kitu njiani. Njoo tu na mwili wako.

Mama yako


30 Novemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi hatujambo.

Samahani sana kwa kutokufika. Tanuri kubwa liliharibika wiki ile ile na likizo zote zikafutwa. Nilitaka kukutumia taarifa lakini muda ulikuwa umekwisha. Krismasi pia haitawezekana, ni wakati wa mikate mingi.

Nimekutumia kitenge na dawa ya magoti. Nafurahi kwamba una mtu wa kukuchangamsha na hukai mpweke. Usijisumbue kujibu haraka.

Mwanao


9 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Kitenge kimefika. Dawa ya magoti nimempa muuza mkaa.

Ulikuja.

Muuza mkaa alikuona unashuka kwenye basi, akakuita, hukugeuka. Alidhani unaharakisha kwangu, kwa hiyo hakusema kitu mpaka jioni alipokuja kuuliza mgeni wangu amelala au vipi. Nikamwambia amemwona mtu mwingine. Akaapa. Kisha fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akamalizia: ulisimama penye kibanda chake, ukatazama uani kwangu, ukamwomba maji, ukanywa, ukarudi stendi.

Nimekaa na hilo wiki hizi zote nikisubiri uniandikie mwenyewe. Umeniandikia tanuri.

Basi nikueleze ulichokiona, maana ulikiona nusu. Mimi siwezi kusimama. Tangu Juni siwezi. Niliteleza bafuni nikavunja nyonga, na Kinyozi ndiye aliyenisikia, akanibeba mgongoni mpaka hospitali, na ndiye anayenibeba mpaka leo, kutoka kitandani hadi kitini na kutoka kitini hadi kitandani. Hakuna mapazia ya kanisa wala nini. Nilikuficha. Sikutaka uje kwa huruma ya mfupa. Nilitaka uje kwa kuwa umetaka kuja, na ulipoandika kwamba unakuja nilijiona nimeshinda.

Jumatano aliondoka kama nilivyokuahidi. Alhamisi muuza mkaa alikuwa aje kuniinua asubuhi, akakwama sokoni. Nimelala pale, nimelowa, nywele zimesimama, mwanangu yuko njiani. Nilipaza sauti mpaka mpita njia mmoja akasikia, nikamtuma amwite Kinyozi. Alikuja akasimama nje akakataa kuingia. Akaniambia, mama, ulimwahidi. Nikamwambia basi ni la mchana, nioshe, niweke uani, nichane, uende zako. Nikamlazimisha. Kama kuna ahadi iliyovunjwa niliivunja mimi, ili usinikute nanuka.

Basi liliwahi. Hakuna zaidi ya hapo. Liliwahi, nawe ukatazama, ukaona ananichana nywele na mimi nacheka. Nilikuwa namsimulia ulivyokuwa ukikimbia kunyolewa, kaka yako anakufukuza uani kote na mkasi. Nilikuwa nacheka kwa ajili yako, kwa sababu unakuja. Alipomaliza aliweka kitana mapajani mwangu akaondokea mlango wa nyuma. Mimi nilikaa pale kwenye kiti naangalia kona. Jua likahama, nikabaki kivulini, siwezi kukisogeza kiti. Nilikaa mpaka muuza mkaa alipokuja na swali lake.

Mchungaji amekuja kuniona. Nilimsimulia yote, akanishika mkono akasema, mwandikie mwanao kwamba umemsamehe, wewe ndiwe uliyetufundisha sote. Akaomba, akaenda. Nikachukua karatasi kwa nia ya kuandika hilo neno. Nimeanza nalo juu kabisa nikalikata, nikasema nitaliandika nikimaliza kueleza. Sasa nimemaliza kueleza.

Mwanangu, sitakudanganya kama ulivyonidanganya. Nimeomba sana, nimejikaza. Yule alipiga kelele akiwa hajamjua aliyekuwa mbele yake. Wewe ulinijua. Ulinitazama vizuri ukanijua, ukamaliza maji yako, ukaenda.

Mbusu mtoto. Mke wako mwambie kitambaa chake nitamtumia kwa mtu. Wewe usije sasa, hata ukipata likizo. Yeye niliweza kumsamehe. Wewe nimeshindwa.

Mama yako